Kwinsi Haliivi kwa Kungojwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mwaka Pasaka ikikaribia hunirudia puani kabla haijanirudia kichwani. Napita sokoni pale mjini, kwenye meza za akina mama wa Kihindi, katikati ya pilipili, tangawizi na mafungu ya giligilani, mara harufu inanishika. Ni kama tofaa, ni kama waridi, na nyuma yake kuna kitu cha ndimu. Nasimama. Wajukuu wangu wananivuta mkono, "Koko, twende, teksi itatuacha." Nawaambia teksi za Durban, ambazo ni kama daladala, hazijawahi kumwacha mtu mwenye nauli. Nachukua tunda moja, nalinusa mpaka nishibe, kisha nanunua mfuko mzima.

Tunda lenyewe ni kwinsi. Ukilikuta usilidharau kwa sura yake. Linafanana na pea lililokaliwa na mtu mzito, lina rangi ya manjano, na mwili wake umefunikwa na manyoya laini ya kijivu kama kifaranga aliyeanguliwa jana. Ukiliuma bichi, ulimi unagandamana na kaakaa na meno yanakulaumu. Watoto wa hapa hulikata vipande wakachovya kwenye chumvi na pilipili, wakakunja nyuso na kuendelea kula. Utoto hauna akili. Nami niliwahi kuwa mtoto wa namna hiyo, ila nilikuwa mtoto mwenye mume.

Nitakueleza namna ya kulipika. Lakini upishi wake nilifundishwa pamoja na jambo jingine, na siwezi kukupa moja nikakunyima la pili, kwa hiyo kaa vizuri.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, na mimba yangu ya kwanza imeanza kuonekana. Mimi na mume wangu Deo tuliishi mtaa wa Cato Manor, katika chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizulu aliyetupangisha. Deo ni Mrundi wa Rumonge. Kwetu ni Uvira ya Kongo, kwa hiyo tumekulia kwenye ziwa moja, Tanganyika, kila mmoja upande wake. Kazi yake wakati huo ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya maduka. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa na kuwaonyesha madereva namna ya kurudi nyuma, ilhali yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kushika usukani. Watu walimtii tu.

Nilikuwa na dada, Furaha. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na huyu alistahili jina hilo mara mbili, maana mama yetu alipofariki ndiye aliyeshika nafasi yake. Ndiye aliyenishika mkono njia nzima mpaka tukafika Durban. Ndiye aliyesuka vichwa vya watu katika saluni moja pale mjini ili mimi nile, nivae, nijifunze Kiingereza. Yaya Furaha alikuwa na mikono laini na ulimi mkali, na vyote viwili nilivijua vizuri.

Ugomvi wetu ulianza siku Deo alipokuja kujitambulisha. Kwetu, mwanangu, binti haombwi na yule anayemtaka. Wanakuja wazee wake. Wanabisha hodi, wanakohoa, wanazungumza kwa mafumbo, wanasema wamepotelewa na mbuzi na nyayo zake zimeishia kwenye mlango huu. Wazee wa binti nao wanajifanya hawaelewi, na raha yote iko hapo. Sasa Deo hakuwa na mzee hata mmoja Durban. Akaja na marafiki zake wawili wa maegesho, wote wamevaa jinzi, wamebeba kreti ya soda. Mmoja alikuwa amesahau kuvua kizibao.

Yaya Furaha aliwatazama kutoka viatuni mpaka utosini.

"Hii ni wajumbe ao ni timu ya mupira?" akauliza. "Wazee wako wapi?"

"Yaya, wazee wangu walibaki Burundi," Deo akasema. "Na wengine wako mu udongo."

"Basi ungetafuta wengine. Mutoto wetu hawezi kuombwa na vijana watatu wa parking. Hata nyumbani kama hakuna baba, iko jirani."

Deo aliondoka na kreti yake. Sisi vijana hatukutafuta mzee wala jirani, tulikwenda kwa mchungaji tukafunga ndoa, na Yaya hakuja. Siku niliyokwenda kuchukua nguo zangu kwake ndipo alipotamka neno lililonikaa kifuani. Hakupiga kelele. Alikuwa anakunja blauzi zangu moja moja, ananipa, kisha akasema, "Siku utazaa, usiniite. Huyo bwana yako njo atakuogeshea mutoto."

Huenda wewe uliyezaliwa hapa, ukazoea kliniki na manesi, unaona hilo ni neno dogo. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake anakuja. Anamkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo kwa kitenge, anampikia uji na kusimama juu yake mpaka aumalize. Na mtoto anamwogesha yeye, anamnyoosha mikono na miguu, anamtaja majina ya watu wa kwao. Mama akiwa hayupo, kazi hiyo ni ya dada mkubwa. Mtoto akishaogeshwa na mtu wa damu yake, tunasema amepokelewa. Mimi mama nilikuwa nimemzika. Yaya kunikatalia lile beseni la maji ilikuwa kama kunifanya yatima tena, na niliumia, mwanangu, niliumia sana.

Basi tukanyamaza. Tulisali kanisa moja, yeye safu za kushoto, mimi za kulia. Tumbo likakua. Kila Jumapili nilimtazama kwa pembe ya jicho nione kama uso wake umelegea, na nilimkamata naye mara kadhaa akitazama tumbo langu, kisha anageukia kitabu cha nyimbo kwa bidii kubwa. Watu wakaniambia, "Mpe muda. Wakati ni dawa. Mvumilivu hula mbivu." Niliipenda sana methali hiyo. Methali inayokuambia ukae ulipokaa ni tamu kuliko zote.

Kwinsi ziliingia nyumbani kwetu katika hali hiyo. Kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyezoea kuegesha gari lake mbele ya Deo, na uani kwake alikuwa na mti uliozaa kupita kiasi. Siku moja akampa Deo mfuko umejaa. Deo aliuleta nyumbani akaumimina kitandani, tukasimama tukitazama. Mimi nikasema haya ni mapera makubwa ya Kizungu. Deo akasema ni malimau yaliyokosa adabu. Tulibonyeza, tukakuta ni magumu kama mawe, na sote wawili tukafikia uamuzi mmoja bila hata kujadiliana, uamuzi ambao mtu yeyote wa kando ya Tanganyika angeufikia: hayajaiva, yavundikwe.

Sisi tunajua kuvundika. Ndizi tunavundika, parachichi tunavundika, embe lililoangushwa na upepo tunalivundika. Nikayazika yale matunda ndani ya mfuko wa unga wa mahindi, nikafunika na blanketi, nikangoja. Mimba ilikuwa inanitamanisha vitu vichachu, na mate yalinijaa kila nilipopita karibu na mfuko. Kila asubuhi niliingiza mkono, nikabonyeza kwa kidole gumba. Bado. Nikafunika tena. Rangi ilizidi kuwa ya dhahabu, harufu ikazidi kuwa kali, lakini ugumu ulikuwa ule ule. Nguo zetu zikanukia. Unga ukanukia. Deo alikula bugari, ugali wetu, na ndagala jioni moja, akatafuna polepole, akasema, "Mke wangu, leo tunakula manukato."

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Mama Perpetua. Alikuwa Mrundi, mjane, mtu mzima wa kanisani kwetu, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya ujikusanye na kuvuta sketi magotini. Alikuja kuniangalia hali yangu. Alipofika mlangoni tu akanyanyua pua.

"Humu iko nini? Nyumba inanukia sawa vile bibi-arusi."

Nikafunua blanketi, nikamwonyesha hazina yangu. Alichukua tunda moja, akalipangusa unga, akalibonyeza, akaomba kisu. Kisu kiliingia nusu kikakwama. Alikigonga kwa kiganja mpaka tunda likapasuka, akaonja kipande. Macho yalijifumba yenyewe. "Eish!" akasema, neno la Durban, na kwa kulisikia kutoka kwa mama wa heshima kama yeye nilijizuia nisicheke.

"Na unayangoja tangu lini?"

"Tangu baridi inaanza, mama."

"Yamelainika?"

"Bado. Lakini mvumilivu hula mbivu."

Aliweka kisu chini. Nikajua kwamba hatutazungumza tena juu ya matunda peke yake.

"Iyo methali ni ya ndizi, mutoto wangu. Ni ya mapera. Hili tunda litakaa humu mupaka lioze, na litaoza likiwa bado jiwe. Iko matunda inaiva na siku, na iko matunda inaiva na moto. Weye uliuliza mwenye kuyatoa namna ya kuyakula?"

"Hapana, mama."

"Na dada yako ulimuuliza nini?"

Nilivuta blanketi nikaanza kuyafunika tena matunda.

"Unamungoja aje. Na yeye anakungoja uende. Kila Jumapili munabonyezana na kidole, munaona bado ni ngumu, munafunika tena blanketi. Na munaita iyo uvumilivu."

Nilijitetea. Nani hajitetei? Nilimwambia, "Lakini mama, yeye njo alitamka. Mimi sikumukosea kitu. Yeye aje."

"Sikusema umemukosea," Mama Perpetua akasema. "Nimesema una tumbo. Mutoto hatangoja mumalize kesi yenu."

Hapo nililia. Sikulia kwa kukemewa, maana alinikemea kwa upole. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza nilihesabu kichwani ni nani atakayesimama pale chumbani siku ile, na sikuona mtu. Nilikuwa nimekaa muda wote nikiamini kwamba kuna kitu kinaiva, kumbe hakuna kilichokuwa kinaiva.

Kesho yake Deo alimuuliza yule bibi mwenye mti. Bibi alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Alimwambia kwamba mama yake mwenyewe alikuwa akisema kwinsi ni tunda la jikoni, si la mezani. Halijui kulainika juani wala kwenye kapu, lazima sufuria, na lazima moto mdogo. Akamweleza hatua zote. Deo alizirudia njiani kwa sauti kama mtoto aliyetumwa dukani, asije akasahau.

Sasa chukua kalamu kama unataka, au weka kichwani. Chukua kitambaa chenye maji, sugua yale manyoya mpaka ngozi ing'ae. Menya. Kisu kiwe kikali na kizito, na ushike vizuri, maana tunda hili likiteleza halina huruma na vidole. Kata vipande, toa kokwa, lakini kokwa na maganda usitupe: vifunge kwenye kitambaa safi uvitumbukize sufuriani, vinaifanya rojo kuwa nzito. Vipande vikiwa vinangoja, viloweke kwenye maji yenye limau visigeuke rangi ya kutu. Kisha maji ya kufunika, sukari kadiri ya moyo wako, kijiti cha mdalasini, karafuu chache. Funika. Moto uwe mdogo kabisa, maji yawe yanatetema tu.

Mimi sufuria ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa nimepoteza wiki nyingi kwa kungoja, basi nikataka kuzilipa kwa saa moja. Nilipandisha jiko la parafini mpaka mwisho. Sukari iliungua chini, maji yalikauka, na vipande vya ndani vilibaki vigumu vile vile. Mama Perpetua, aliyekaa kwenye kigoda changu ananitazama, hakunizuia. Nilipomaliza kukwangua sufuria, alisema tu, "Mwanzo ulilala, sasa unakimbia. Haraka haraka haina baraka. Shusha moto."

Sufuria ya pili nilikaa nayo. Mwanangu, hili ndilo linalonishangaza mpaka leo na uzee wangu huu. Tunda lile likiwa bichi ndani ni jeupe la kufifia, kama kiazi. Unapika, hakuna kitu. Unaendelea, bado. Halafu unafunua unakuta limeanza kuwa pinki, pinki ya fizi za mtoto. Unafunika. Unafunua tena, limekuwa jekundu, jekundu la divai ya meza ya Bwana, na hukutia rangi yoyote. Rangi hiyo ilikuwamo ndani yake siku zote. Kijiko kinapita katikati ya kipande bila kuombwa. Nilikaa mbele ya lile jiko na tumbo langu, nikamfikiria Yaya, nikafikiria ile siku anakunja blauzi zangu. Mtu ambaye hakutaki hakunji nguo zako vizuri namna ile. Mbona sikuliona hilo siku zile?

"Kesho tunaenda," Mama Perpetua akasema. "Na hatuendi kwake nyumbani."

"Tunaenda wapi, mama?"

"Saluni. Nyumbani atafunga mulango. Saluni mikono yake itakuwa mu kichwa ya muntu. Ataenda wapi?"

Ndivyo tulivyopanda teksi kwenda mjini, yeye, mimi, na Deo aliyevaa shati la harusi yetu na kupakata sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Abiria mmoja aliuliza tunauza nini. Deo akasema hatuuzi, tunapeleka mashtaka. Mama Perpetua alimkanya, ila nilimwona akitabasamu dirishani.

Saluni ilikuwa imejaa. Yaya Furaha alikuwa amesimama nyuma ya dada mmoja wa Kizulu, amemaliza nusu ya kichwa, vidole vimenasa kwenye rasta. Aliinua macho. Aliona tumbo kwanza, halafu uso wangu, halafu Deo na sufuria, na mwisho Mama Perpetua aliyejaza mlango wote. Wasusi wengine wakanyamaza. Ujue saluni ya Wakongo ikinyamaza, jambo ni kubwa.

"Hodi hapa," Mama Perpetua akasema.

"Karibu, mama," Yaya akajibu, maana hodi ya mtu mzima haikataliwi.

"Tumekuja kubisha. Mimi ni muzee wa Deo. Zamani hakukuwa muzee. Sasa iko."

Yaya alitazama tumbo langu. "Leo? Na tumbo iko vile?"

"Tumechelewa. Njo maana tumeleta chakula."

Mtu mmoja huko nyuma aliguna kama anayezuia kicheko. Yaya hakucheka. Aliendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vinarudia fundo lile lile. Baadaye akauliza bila kunitazama, "Iko nini mu ile sufuria?"

Nilifungua. Harufu ikatoka, ikaizidi ile ya nywele za bandia na maji ya moto. Nikamwendea na kijiko. Mikono yake ilikuwa imeshikwa, hakuweza kupokea, kwa hiyo nilimlisha. Nilimlisha mdomoni, pale mbele ya watu, mtu aliyenilisha mimi nikiwa sijui hata kushika kijiko. Alitafuna. Machozi yalimtoka akiwa anatafuna, akayaacha yateremke kwa sababu hakuwa na mkono wa kuyafuta, nami nikamfuta kwa ncha ya kitenge changu.

"Umetia sukari mingi," akasema.

"Ilikuwa chachu sana, yaya."

"Bado iko chachu."

Yule mteja aliyesukwa nusu kichwa akageuka akauliza kwa Kiingereza kama na yeye hatapewa. Tukampa, tukawapa wote, sufuria ikaisha. Lakini Yaya hakusema ugomvi umeisha. Ninakuambia hivyo ili usije ukadhani watu wanalainika kwa kijiko kimoja. Alichosema wakati tunaaga ni, "Nenda ukalale, umesimama sana." Kwa Deo hakusema neno. Nilirudi Cato Manor bila kujua kama atakuja au hatakuja, na wiki zilizofuata nilikuwa na hofu kuliko zamani, kwa sababu sasa nilikuwa nimeomba. Asiyeomba hawezi kunyimwa, ndiyo maana wengi hatuombi.

Nilijifungua mtoto wa kike katikati ya baridi. Waliponirudisha nyumbani kutoka hospitali, mama mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa beseni. Alikuwa mwanamke mwema, angemwogesha mtoto wangu kwa moyo safi, na nisingekuwa na la kusema. Maji yalikuwa yanawekwa. Nikasikia geti, kisha sauti ya Yaya Furaha uani ikiuliza ni nani aliyeanika nguo za mtoto chini ya mti, ndege watazichafua. Akaingia na furushi lake. Hakuomba msamaha. Alivua saa, akakunja mikono ya blauzi, akaingiza kiwiko majini kupima joto, akageukia mlangoni alikosimama mume wangu kama mshtakiwa.

"Shemeji," akasema, "iyi maji imepoa. Ongeza ya moto."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita shemeji. Deo alikimbilia jiko kana kwamba ameitwa na rais. Na Yaya akamchukua mwanangu, akamweka kwenye mkono wake wa kushoto, akaanza kumwogesha na kumtajia watu wa kwetu mmoja mmoja, akaanza na mama yetu. Nilifunika uso kwa shuka nikalia mpaka nikalala usingizi.

Usidhani tulikuwa malaika baada ya hapo. Tuligombana tena, juu ya watoto, juu ya kanisa, juu ya chumvi. Yeye na Deo waliheshimiana mpaka mwisho, ila kupendana kwao kulikuwa kwa mbali, na hata kwinsi iliyopikwa vizuri hubakiza uchachu wake kidogo. Lakini tangu siku ile hatukuwahi tena kuuachia ugomvi ulale chini ya blanketi. Mmoja wetu alikuwa anapanda teksi. Mara nyingi nilikuwa mimi, na si kwa sababu nilikuwa na makosa zaidi. Yeye alikuwa na miguu mibovu.

Yaya Furaha alituacha mwaka juzi. Aliugua, hakuchelewa. Wanawake wa kanisa walipokusanyika kumwosha, waliniuliza kama nitaweza, wakasema dada wa marehemu aruhusiwe kukaa pembeni. Niliwaambia hapana, leteni beseni. Nilipima maji kwa kiwiko, ingawa mwenyewe hakuwa tena mtu wa kuungua. Nilimwosha mikono ile iliyosuka nusu ya Durban, kidole kwa kidole, nikamtajia watu wetu aliokuwa anakwenda kuwakuta. Nilikuwa na huzuni ya kunivunja mgongo, lakini hakukuwa na neno hata moja kifuani mwangu nililokuwa nimelikawiza. Nimewaona watu kwenye matanga ya mji huu wanaopiga kelele juu ya jeneza, wanasema "nisamehe, nisamehe." Mimi sikuwa na haja ya kupiga kelele.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Uvumilivu ni mzuri, lakini ujue unavumilia nini. Kama ni ndizi, funika, kalale. Kama ni ndugu yako, siku hazitakusaidia. Kalenda haijawahi kupatanisha watu. Usiseme yeye ndiye aliyetamka, yeye aje. Huenda kweli ni yeye. Huenda haki yote iko upande wako, na utabaki nayo chumbani, wewe na haki yako, mnatazamana. Wasije wakakudanganya wale wanaokuambia mpe muda, maana ndugu wakigombana, wao huchukua jembe wakalime. Nenda. Na ukienda usiende na moto mkubwa, usimalize miaka yote kwa kikao kimoja, usidai machozi yake siku hiyo hiyo. Peleka kitu kizuri cha kula, kaa, ukemewe kidogo, urudi nyumbani, ungoje ukiwa umeshawasha jiko. Huo ndio ungojaji wenye maana. Na kama huna mzee wa kukusindikiza, azima; katika mji huu wa wageni sote tumeazimana wazee, na hakuna aliyewahi kunyimwa.

Mungu akulinde na ulimi wako, na akulinde na kiburi kinachojiita subira. Akujalie nyumba isiyokosa watu wa kugombana nao, na akupe miguu ya kuwafuata wangali hai.